Uprofesa wa famasiutiki hatua kwa hatua: mwongozo kamili kwa mfamasia anayetaka kubaki chuoni

Mahafali yakikaribia, hakukosekani mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kunigongea mlango. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, karibu ukae." Atakaa ukingoni mwa kiti, atazungukazunguka kidogo, kisha atasema anataka kubaki chuoni, afundishe, siku moja naye aitwe Prof. Ninachomuuliza kwanza ni somo. Wengi hawajalifikiria, wameupenda uprofesa kabla ya kulipenda jambo la kuufanyia. Mwongozo huu ni wa yule anayejibu bila kusita: famasiutiki.

Kwa ambaye hajaingia darasani mwetu, famasiutiki ni sayansi ya kuigeuza kemikali iwe dawa. Mkemia akishakukabidhi unga mweupe na kukuhakikishia kwamba unaua vimelea, yeye kamaliza. Unga huo sasa uwe kidonge, sharubati, krimu au sindano. Uingie mwilini kwa kiasi kile kile kila mgonjwa anapoumeza, na usiharibike katika duka la dawa la Mtwara lisilo na kiyoyozi.

Kabla ya hatua yoyote, piga hesabu ya miaka. Umemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), una miaka 20. Shahada ya famasi hapa Tanzania ni miaka 4 (Kenya ni 5). Intaniship, yaani mafunzo ya kazi chini ya usimamizi, mwaka 1. Uzamili miaka 2. Udaktari wa falsafa karatasi inasema 3 au 4, lakini anayesoma huku anafundisha hesabu yake ni 5 au 6. Hapo unakuwa Mhadhiri, na mbele yako kuna Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa, kila daraja likidai miaka isiyopungua mitatu hivi. Mambo yakinyooka yote unaingia uprofesani na miaka 41 au 42. Hayanyooki yote. Wengi ninaowafahamu walifika wakiwa na hamsini na kitu.

Hatua ya 1: Alama

Hapa sina maneno mengi. Matangazo mengi ya kazi za vyuo vyetu hudai GPA ya 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika uzamili. Baadhi ya shahada za afya hazipangwi kwa madaraja ya ufaulu, kwa hiyo tangazo linaweza kutaja sharti jingine. Lisome hadi mstari wa mwisho kabla ya kukata tamaa au kujipa moyo. Wenye usaili wana macho pia na alama za somo lenyewe. Ukiwa na wastani mzuri lakini famasiutiki umepata C, jiandae kujieleza.

Hatua ya 2: Intaniship, na sababu ya kukimbilia kiwandani

Anayetaka kufundisha wafamasia inafaa naye awe amesajiliwa na Baraza la Famasi, na usajili kamili unapitia mwaka wa intaniship. Wengi huumalizia hospitalini na hawana kosa. Wewe wa famasiutiki tafuta kila njia upate muda kiwandani, hata kama ni miezi mitatu, hata kama ni kwa kujitolea baada ya mwaka kuisha.

Nilikopangiwa mimi kulikuwa na fundi wa mashine ya vidonge ambaye elimu yake iliishia darasa la saba. Siku moja tumesimama, mashine inatema vidonge kama mvua ya mawe, akanyanyua mkono na kuizima. Sikuona kosa. Akaniambia, "Mdogo wangu, sikia mlio wake, chembe zimekauka mno." Tulipookota vidonge kutoka kwenye trei, kimoja kati ya vitano hivi kilikuwa kinabanduka kichwa, kama soda inayofunguka kifuniko. Kitabuni tatizo hilo nilikuwa nimelisoma na mtihani wake nikaupata. Mlio wake kitabu hakikuwa nao.

Ukiwa huko jifunze kusoma rekodi ya bechi (bechi ni mkupuo mmoja wa dawa), yaani ile karatasi inayofuata dawa tangu unga unapopimwa hadi boksi linapofungwa. Uliza kwa nini mashine inaoshwa kwa muda wa saa nne ili ifanye kazi kwa saa mbili tu. Ukikosa kiwanda, ulizia kama bado yapo mafunzo ya juu ya famasi ya viwandani yaliyokuwa yakitolewa Moshi, katika Chuo cha Famasi cha Kilimanjaro, kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Purdue na Howard vya Marekani. Waliopitia pale unawatambua kwa maswali yao. Huanzia kwenye kinachoweza kuharibika.

Hatua ya 3: TA

Mlango wa kuingilia ni nafasi ya Mkufunzi Msaidizi, ambaye chuoni kila mtu anamwita TA. Kwa vyuo vya umma nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo wasifu wako kwenye Ajira Portal uwe umekamilika kabla ya tangazo. Siku mbili za mwisho mfumo unaelemewa na vyeti vyako havipandi. Usiangalie Muhimbili peke yake. Famasi inafundishwa pia Bugando kule Mwanza na St. John's kule Dodoma, na chuo chenye watu wachache hukupa somo zima ulibebe mapema.

Kazi ya TA ni kuandaa praktiko, kusahihisha ripoti, kubeba karatasi za mahudhurio na kutafuta ufunguo wa stoo. Ifanye vizuri, ila usiigeuze makazi. Mtego mkubwa wa cheo hiki ni duka la dawa. Mshahara mdogo, umesajiliwa, mtu anakuja na mtaji anatafuta mfamasia wa kusimamia duka lake. Jioni unakwenda, hela inaingia. Sikukatazi kula. Lakini nimeona TA wazuri waliofika mwaka wa sita bila uzamili kwa sababu jioni zote ziliishia kaunta. Jiwekee ukomo: ndani ya miaka miwili uwe umeanza masomo.

Hatua ya 4: Uzamili

Soma uzamili wa famasi ya viwandani au wa udhibiti wa ubora wa dawa. Ni karibu zaidi na famasiutiki kuliko uongozi wa dawa, ambao una kazi nyingi nje ya chuo lakini utakuchelewesha kwenye mstari huu. Mbarara nchini Uganda kuna kituo cha bioteknolojia ya dawa na tiba asili, PHARMBIOTRAC, nacho kinafaa kwa anayetaka kwenda upande wa mimea. Tasnifu ya uzamili iwe ndogo na imalizike. Ukombozi wa dunia una nafasi yake, nayo ni hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Tatizo lako

Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii. Tafuta tatizo moja la uundaji wa dawa linalotokana na joto na unyevu wa kwetu, ulifunge kiunoni, usiliachie kwa miaka ishirini.

Nieleze langu lilivyonipata. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walipendekeza mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na nusu ya hapo kwa mchanga wa chini ya miezi sita. Kidonge chake kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Nikasema hiki rahisi, kidonge kidogo chenye chumvi ya zinki, kifyonza maji cha kukipasua haraka, na sukari ya kufunika ule uchachu wa chuma. Nikakitengeneza mwezi Julai, Dar ina upepo mkavu kidogo. Kikapasuka kwa sekunde 40 na kitu. Nikaandika ripoti, nikajipongeza.

Aprili, masika imeshika, nikarudia fomula ile ile, mashine ile ile, mikono ile ile. Chembe zilikuwa zinanata kwenye panchi, yaani vyuma vinavyogandamiza unga, nyuso za vidonge zina mashimo. Vilivyosalimika nikaviacha kwenye trei wikendi. Jumatatu nikakitumbukiza kimoja majini nikakaa na saa. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Kilikuwa kimekaa chini ya bika kama kokoto. Dakika 3 ndiyo ukomo wa famakopia, kitabu cha viwango vya dawa, kwa kidonge cha kuyeyushwa.

Kilichotokea ni hiki. Kile kifyonza maji kilikuwa kimeanza kunywa unyevu wa hewani kabla hakijafika kwenye kijiko. Kikavimba kidogokidogo ndani ya kidonge, nguvu yake ikaisha. Kilipotumbukizwa majini hakikuwa na cha kuvimbia. Mwenzangu wa Ulaya, kwenye maabara yenye unyevu unaodhibitiwa mwaka mzima, angeweza kustaafu bila kukutana na jambo hilo. Nikaelewa nimepata kazi ya maisha.

Matatizo ya namna hii yamejaa. Wanga wa muhogo kama kigandishi cha vidonge. Gundi ya mkorosho. Sharubati ya antibiotiki ya unga inayochanganywa nyumbani na kuwekwa juu ya kabati la familia isiyo na friji. Krimu inayotengana mafuta na maji ndani ya daladala. Viwango vya kimataifa vyenyewe vinatutambua: dawa ya nchi za joto hujaribiwa uhifadhi wa muda mrefu kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75, na jaribio la haraka ni nyuzi 40 na asilimia 75 kwa miezi 6. Sisi hali hiyo tunaishi ndani yake.

Ukidhani tatizo dogo haliwezi kukupeleka mbali, mtazame Takeru Higuchi. Alizaliwa California mwaka 1918, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani, akasoma na kufundisha Wisconsin, na mwaka 1967 akahamia Chuo Kikuu cha Kansas. Mwaka 1961 alichapisha kazi kuhusu jambo ambalo wengi wangeliona la kitoto: dawa iliyochanganywa kwenye mafuta ya kupaka inatoka kwa kasi gani? Jibu lake ni kwamba kiasi kinachotoka kinakwenda na kipeuo cha pili cha muda. Ukitaka itoke mara mbili, subiri muda mara nne. Mlinganyo huo una jina lake hadi leo, na mwanafunzi wa Morogoro anayeunda kidonge cha kutoa dawa polepole lazima aupitie.

Hatua ya 6: Udaktari wa falsafa na msimamizi

Watu huchagua nchi, halafu chuo, halafu msimamizi. Geuza mpangilio huo. Soma peipa zake, yaani makala za utafiti, za miaka mitano, kisha muulize mwanafunzi wake wa zamani maswali mawili: anajibu rasimu kwa muda gani, na wanafunzi wangapi walimaliza? Ufadhili upo: DAAD ya Ujerumani, Commonwealth ya Uingereza, VLIR-UOS ya Ubelgiji, MEXT ya Japani. Mimi napendelea mpango wa nusu huku nusu kule. Mashine unazitumia kwao, tatizo linabaki kwenu, na ukirudi huanzi upya.

Kabla ya kusaini, uliza nani atamiliki data, na kama unaweza kurudi na fomula yako. Ukitaka kumwonjesha hata mtu mmoja kidonge chako, kibali cha maadili ya utafiti kitangulie. Jaribio la dawa kwa binadamu linahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Miezi inayopotea hapo ni mingi kuliko inayopotea maabara, kwa hiyo maombi yaanze mwaka wa kwanza.

Kwa dada zangu, maana miaka hii mara nyingi ndiyo ya kuzaa: ukijua una mimba, mwambie msimamizi mapema upangiwe mbali na vimiminika vya maabara kama methanoli na asetonitrili, na dawa za saratani. Data ya vipimo vya mashine inaweza kuchambuliwa ukiwa mezani. Hakuna anayestahili kukufanya uone haya kwa hilo.

Hatua ya 7: Peipa

Peipa yangu ya kwanza ilitoka na majina sita. Wawili kati yao sikuwahi kuwaona maabara, na mmoja alikuwa mbele yangu. Sikusema kitu, nilikuwa TA. Leo nashauri hivi: siku ya kwanza ya kazi, kabla hata unga haujapimwa, kaeni mkubaliane nani mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho, na kwa mchango gani. Iandikwe, hata kama ni ujumbe kwenye grupu la WhatsApp. Kipimo kinachotumiwa na majarida ya tiba kinataka mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameidhinisha toleo la mwisho na yuko tayari kuijibia. Mwenye funguo za maabara ashukuriwe mwishoni kwa heshima zote.

Barua pepe itakuja ikikuita Profesa Mheshimiwa wakati mshahara wako ni wa TA, ikikuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu. Ifute. Jarida la kitapeli linakula hela yako, na kamati ya kupandisha vyeo haihesabu kilichochapwa humo. Jarida halali utalitafuta kwenye orodha za majarida kama DOAJ au Scopus na kulikuta, na wahariri wake ni watu unaoweza kuwafuatilia vyuoni mwao. La karibu nasi ni East and Central African Journal of Pharmaceutical Sciences, linalotoka Nairobi tangu 1998. Kusoma ya wengine bila kulipa, tumia HINARI, mpango wa WHO wa kufungulia majarida nchi kama yetu, kupitia maktaba ya chuo; nashangaa bado kuna wahadhiri wanaoomba nakala mitandaoni wakati neno la siri liko kwa mkutubi.

Kwenye peipa za vidonge mhakiki atakukamata sehemu mbili. Ya kwanza, jaribio la kuyeyuka: eleza ujazo wa kimiminika (mara nyingi mililita 900), nyuzi 37, kasi ya mzunguko, na kama uliondoa viputo vya hewa kwenye maji. Ya pili, ukilinganisha kidonge chako na cha dukani, usitazame grafu ukasema vinafanana. Kokotoa f2, kipimo cha mfanano kilichopendekezwa na Moore na Flanner mwaka 1996. Ukipata 50 na kuendelea hapo una neno la kusema.

Hatua ya 8: Darasa

Darasa lina wanafunzi mia na ushee, mashine ya vidonge moja. Ukingoja zije kumi utastaafu unangoja. Mimi kipindi cha mtiririko wa unga nakifundishia faneli, rula, chumvi na unga wa muhogo. Mwaga chumvi: inatambaa, mlima wake mpana na mfupi. Mwaga unga: unaziba faneli, ukiigonga unaporomoka bonge zima na kusimama kama kichuguu. Wapime pembe ya mlima. Ikipita nyuzi 45 unga huo hautajaza mashine sawasawa, na mgonjwa mmoja atapata dawa pungufu, mwingine zaidi. Siku hiyo hakuna anayesinzia.

Tathmini za wanafunzi zitunze. Zinaingia kwenye faili la kupanda daraja, ingawa wazee wengi huzidharau.

Hatua ya 9: Fedha na mashine

Omba COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, omba na viwanda, ambavyo kila siku vina bechi iliyogoma na havina muda wa kujua kwa nini. Ila uandike bajeti kama mtu anayeijua nyumba yake. Karibu kila chuo kina mashine ya msaada iliyofunikwa kitambaa, nzima kabisa, inangoja kipuri cha bei ya simu ya mkononi. Weka fedha za matengenezo, vipuri, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na mafunzo ya fundi wa maabara. Umeme ukikatika dakika ya 30 ya jaribio la dakika 60, vidonge sita vimekwenda na siku imekwenda.

Hatua ya 10: Kupanda daraja

Kila chuo kina kanuni zake chini ya miongozo ya TCU, tume ya vyuo vikuu, lakini mwenendo ni mmoja. Peipa zinapewa pointi, na ya waandishi wengi inagawanywa. Peipa tatu zilizokatwa kutoka data moja zitaonekana. Kuanzia uprofesa mshiriki kazi zako hupelekwa kwa watathmini wa nje, watu usiowachagua, na hapo ndipo lile tatizo lako moja linapokulipa. Mtathmini akikuta peipa kumi na mbili zinazojibu swali moja kwa kina, anaandika ripoti nyepesi. Akikuta moja ya zinki, moja ya chanjo, moja ya maoni ya wateja wa maduka ya dawa, anabaki kujiuliza wewe ni nani. Kwa uprofesa kamili watataka pia kuona wanafunzi wa udaktari uliowafikisha mwisho na fedha za utafiti ulizoleta.

Sehemu ya kuudhi ni makaratasi. Nimemshuhudia mtu akicheleweshwa mwaka mzima kwa kukosa barua moja ya usimamizi wa mwanafunzi, na ofisi iliyotakiwa kuitoa ilikuwa imehama jengo. Kwa hiyo nunua boksi faili leo hii, hata kama bado ni intani. Barua za uteuzi, barua za usimamizi, vyeti vya makongamano, ratiba za vipindi, nakala ya kila peipa na barua ya kukubaliwa kwake. Piga picha zote, ziweke sehemu mbili. Haraka nayo isikuchanganye, maana wahadhiri waandamizi na maprofesa wa vyuo vya umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65.

Yule wa mwaka huu nilipomaliza kumweleza haya alinyamaza, akaandika kitu kwenye simu yake, kisha akauliza kama anaweza kuja kujitolea maabara Jumamosi. Nafasi ipo. Saa mbili asubuhi, aje na koti lake, na viatu vya kufunika vidole. Mara ya mwisho alikuja na kandambili.